Maswali ya Wasomaji: Aliyekuwapo Alimwandikia Nani?

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulijibu kwa ufupi swali kuhusu miaka ya 1607 na 1620, Waingereza walipoweka makazi Jamestown, Virginia, na baadaye Plymouth, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Massachusetts. Jibu lile lilizaa maswali mengine, na karibu yote yanauliza jambo moja kwa maneno mbalimbali: je, walowezi wale tunaweza kuwajua kwa maandishi ya wakati wao, bila kupitia kwa wasimulizi waliokuja baadaye? Tumechagua barua tano.

*Ndugu Mhariri, nafundisha historia kidato cha tano na cha sita. Wanafunzi wangu hunukuu kitabu cha kiada kana kwamba ni msahafu. Nataka wasome walichoandika walowezi wenyewe, lakini nilipojaribu peke yangu nilikwama: Kiingereza chao ni kigumu, tarehe zao zinagongana, na kila mmoja anasema lake. Nianzie wapi, na nitajuaje yupi wa kusadikiwa? — Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, ningekushauri uanze na barua moja tu, ambayo kijana aitwaye Richard Frethorne aliwaandikia baba na mama yake mwezi wa Machi na Aprili 1623. Frethorne alikuwa mtumishi wa mkataba, yaani mtu aliyelipiwa nauli ya meli kwa sharti la kumtumikia bwana wake miaka kadhaa bila mshahara, na aliishi Martin's Hundred, makazi ambayo kwa hesabu yake yalikuwa maili 10 kutoka Jamestown. Mwaka mmoja kabla, tarehe 22 Machi 1622, wapiganaji wa Powhatan, wenyeji wa nchi ile, wakiongozwa na Opechancanough waliyashambulia makazi ya Waingereza kando ya mto James, na Waingereza wenyewe walihesabu maiti 347. Martin's Hundred ndipo palipopata msiba mkubwa kuliko kwingine. Kijana anaandika kwamba tangu ashuke melini hajala kitu ila njegere na uji wa maji, kwamba mkate wa peni moja hugawanywa kwa watu wanne, kwamba hana shati ila matambara mawili, na kwamba joho lake limeibwa na mwenzake. Anamtaja bwana mmoja, Jackson, na mkewe, ambao walimwonea huruma wakamjengea kibanda cha kulala kila afikapo Jamestown. Kisha anawasihi wazazi wake wamkomboe, na kama hawawezi, wamtumie chakula ambacho angeweza kukiuza kwa faida. Tena anatahadharisha kwamba wakituma jibini, iwe kuukuu sana.

Weka kando ya barua hiyo kijitabu *Nova Britannia*, kilichochapwa London mwaka 1609 wakati Kampuni ya Virginia, iliyoanzisha Jamestown, ilipokuwa ikitafuta watu wa kutoa mitaji na watu wa kuhama. Kijitabu kinasema nchi ile, kwa asili yake, ina samaki tele, ndege wasio na idadi, na kulungu wa kila namna. Frethorne anasema hajapata kumwona kulungu tangu aikanyage nchi ile, na kwamba ndege wapo, lakini watumishi hawaruhusiwi kwenda kuwatafuta. Waulize wanafunzi wako nani kati ya hao wawili amedanganya, uwaache wabishane. Mimi naona kwamba misitu ya Virginia ilikuwa na kulungu kweli, ila hawakuwa kulungu wa mtumishi aliyefungiwa ndani ya boma katika mwaka wa vita. Kijitabu kiliandikwa kwa mwenye kibubu kilichojaa. Barua iliandikwa kwa mama.

Basi kabla ya kuuliza kama shahidi anasema kweli, uliza alimwandikia nani, na alitaka nini kutoka kwa huyo aliyemwandikia. Swali hilo halimwachi hata Frethorne, kwa sababu kijana anayeomba kukombolewa hana haja ya kupunguza chumvi. Ndiyo maana maneno yake hupimwa kwa maandishi mengine ya miaka ileile, na mengi yanaafikiana naye juu ya njaa na vifo.

Mfano mzito zaidi ni ule wa majira ya baridi ya 1609 hadi 1610, ambayo walowezi waliyaita wakati wa njaa. Jamestown ilikuwa na watu mamia kadhaa kabla ya baridi kuingia, na meli zilipofika Mei 1610 walikuwa wamebaki wapatao 60. George Percy, aliyekuwa mkuu wa koloni miezi hiyo, aliandika kwamba watu walikula farasi, kisha mbwa, paka, panya na ngozi za viatu, wakafikia kufukua maiti na kuzila. Na kwamba mtu mmoja alimwua mkewe mjamzito, akamkata na kumtia chumvi, naye Percy akaamuru mtu huyo auawe baada ya kukiri kwa kuteswa. Lakini mwaka uleule wa 1610 Kampuni ilichapisha tamko lake London likieleza habari hiyo kwa namna nyingine kabisa: kwamba mtu yule alimchukia mkewe, akamwua kwa chuki, na kwamba nyumba yake ilipopekuliwa ilikutwa na unga, shayiri, maharagwe na njegere za kutosha.

Nani asadikiwe? Kampuni ilikuwa inawaandikia wenye hisa, ambao wangekimbia kama wangesikia kwamba watu wanalana. Percy naye aliandika kwa jamaa yake takriban miaka 15 baadaye, baada ya kapteni John Smith kuchapisha kitabu kilichowalaumu waliotawala Jamestown baada yake, kwa hiyo alikuwa na jina la kulitetea. Kwa miaka mingi wanahistoria waligawanyika, hadi mwaka 2012 wachimbaji wa mambo ya kale walipopata ndani ya handaki la nyumba, lililokuwa limejazwa taka za wakati ule, fuvu na mfupa wa mguu wa msichana wa Kiingereza wa miaka kama 14. Fuvu lilikuwa na alama za shoka na kisu, na wataalamu wa taasisi ya Smithsonian walitangaza mwezi wa Mei 2013 kwamba ni alama za mtu anayetoa nyama. Mfupa haukuthibitisha habari ya yule mume na mkewe. Ulithibitisha kwamba njaa ilifika pale Percy aliposema ilifika, na ni muhimu wanafunzi waone tofauti ya mambo hayo mawili.

Smith mwenyewe si wa kuachwa, kwa kuwa yeye ni somo zima. Alikamatwa na watu wa Powhatan mwezi wa Desemba 1607. Katika maelezo yake yaliyochapwa mwaka 1608 anasema mfalme Powhatan alimpokea vizuri, akamlisha na kuzungumza naye. Katika kitabu chake cha 1624 habari ni kwamba alilazwa juu ya mawe apondwe kichwa kwa marungu, na Pocahontas, binti wa mfalme, akamkinga kwa kichwa chake. Kufikia 1624 Pocahontas alikuwa amekwisha kufa, huko Gravesend, Uingereza, mwaka 1617, na baba yake alifariki mwaka 1618. Ni haki kusema kwamba maandishi ya 1608 yalichapwa mwenyewe hayupo, na mhariri alikiri kuacha baadhi ya mambo. Lakini mwanafunzi aliyesoma matoleo yote mawili hataisimulia tena habari ya Pocahontas kama ilivyo katika filamu.

Kuhusu ugumu wa lugha, usijione mjinga. Waandishi wale hawakuwa na tahajia moja, walibadilishana herufi u na v, na neno lililoandikwa *ye* lilisomwa *the*. Anayejua barua zetu za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo herufi moja ilisimama mahali pa b, p na mb, atatambua hali hiyo mara moja. Tumia matoleo yaliyorekebishwa tahajia, hakuna dhambi. Tarehe ndizo zenye mtego zaidi. Waingereza wakati huo walitumia kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma kwa siku 10, na mwaka wao mpya ulianza tarehe 25 Machi, hivyo hati iliyoandikwa Februari 1620 kwa hesabu yetu ni ya Februari 1621. Ni kama sisi na saa: mtu akikuandikia tukutane saa tatu, lazima ujue kwanza anahesabu kwa Kiswahili au kwa Kizungu. Nitaonyesha hapa chini, katika jibu la msomaji wa Mombasa, jinsi kosa la aina hiyo lilivyowasumbua hata wataalamu.

Maandishi yenyewe hayana tena hakimiliki na mengi yanasomwa bure kwenye intaneti. Maktaba ya Bunge ya Marekani ina kumbukumbu za Kampuni ya Virginia, zilizochapwa katika majuzuu manne kati ya 1906 na 1935, na Maktaba ya Jimbo la Massachusetts imeweka picha za kila ukurasa wa mswada wa gavana William Bradford wa Plymouth. Kama shule haina mtandao wa kutegemewa, chapa barua ya Frethorne, kurasa mbili au tatu, uwape kila kikundi nakala moja. Mimi nisingeongeza kitu kingine kwa muhula mzima.

*Mhariri mpendwa, tuliishi Dar es Salaam kabla ya kuhamia hapa Ohio. Novemba iliyopita binti yangu wa miaka 8 alirudi kutoka shuleni amevaa kofia ya karatasi, akaniambia kwamba Mahujaji, yaani walowezi wa Plymouth, waliwaalika wenyeji wakala pamoja bata mzinga, na tangu hapo wakawa marafiki. Aliniuliza kama ni kweli, nikakosa la kusema. Nisaidie, lakini nisije nikamharibia furaha yake na wenzake. — Mama wa watoto wawili, Columbus*

Mama, mlo ule, unaokumbukwa Marekani kila Novemba katika sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving), ulikuwapo. Shahidi wake aliyekuwapo ni mmoja tu kwa maandishi, Edward Winslow, aliyeandika barua tarehe 11 Desemba 1621 kwa rafiki yake Uingereza, ikachapwa London mwaka 1622 pamoja na maelezo mengine ya Plymouth. Habari ya karamu inachukua sentensi chache. Anasema kwamba baada ya kuvuna, gavana aliwatuma watu wanne kuwinda ndege, na kwa siku moja walipata wa kulisha watu karibu wiki nzima. Kwamba walifanya michezo na kulenga shabaha kwa bunduki. Kwamba wenyeji wengi walikuja kati yao, akiwemo mfalme wao mkuu Massasoit na watu wapatao 90, ambao waliwakirimu siku tatu. Na kwamba wageni hao walikwenda wakaua kulungu watano, wakawaletea gavana, kapteni na wengineo.

Tazama yasiyomo. Winslow hasemi kwamba wenyeji walialikwa, anasema walikuja. Hataji bata mzinga. Bata mzinga mwitu anatajwa na Bradford, anapoeleza neema ya chakula ya majira yale bila kuitaja karamu. Wala Winslow haiiti siku ile ya kushukuru, kwani kwa Wakristo wa namna yake kushukuru kulikuwa ibada na sala, si siku tatu za bunduki na nyama. Jina la Shukrani ya Kwanza lilibandikwa mwaka 1841 na mhariri aliyeichapa barua hiyo upya, na rais Abraham Lincoln alitangaza sikukuu ya taifa mwaka 1863. Mswada wa Bradford nao una kisa chake: ulipotea wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, ukaja kuonekana mwaka 1855 katika maktaba ya askofu wa London, na haukurudishwa Massachusetts hadi 1897.

Sasa uliza swali letu: Winslow alimwandikia nani? Endelea kusoma barua yake utaona. Anawaelekeza wanaotaka kuja walete karatasi na mafuta ya kitani kwa ajili ya madirisha, nyuzi za pamba kwa ajili ya taa, nguo na matandiko ya kutosha, bunduki kwa kila mtu, na maji ya ndimu wayanywe kabla ya kula kitu. Ni barua ya mtu anayewaita wengine. Kati ya abiria 102 wa Mayflower, meli iliyowaleta walowezi wa Plymouth, karibu nusu walikuwa wamekufa kabla ya mwaka kutimia, na anayeita wengine haanzi na makaburi. Sentensi zake juu ya mavuno na amani naziamini, nikijua zimechaguliwa.

Kitabu hichohicho cha 1622, katika kurasa za kabla ya barua hiyo, kinakiri mambo ambayo kofia ya karatasi haiyasemi. Mnamo Novemba 1620, walipotua Cape Cod kabla ya kufika Plymouth, watu wa Mayflower walifukua mahindi ambayo wenyeji walikuwa wameyahifadhi ardhini, wakayachukua kwa ajili ya mbegu. Walifukua na makaburi, wakachukua baadhi ya vitu vizuri walivyovikuta. Wanasema walikusudia kulipa mahindi yale, na baadaye walilipa. Mahali walipojenga Plymouth palikuwa kijiji cha Patuxet, ambacho watu wake walikuwa wamekwisha kwa maradhi yaliyopita pwani ile kati ya 1616 na 1619. Massasoit alifanya nao mkataba Machi 1621 wa kusaidiana vitani, kwa sababu maradhi yaliwadhoofisha watu wake mbele ya majirani zao Narragansett. Urafiki ulikuwapo basi, lakini ulikuwa urafiki wa watu wawili waliopungukiwa, nao ulidumu kwa muda wa uhai wa wazee. Mwaka 1675 mwana wa Massasoit, Metacom, alipigana na watoto wa wageni wale vita vikali sana.

Kwa mtoto wa miaka 8 ningesema hivi: walikula pamoja kweli, siku tatu, na nyama ya kulungu waliileta wenyeji. Hilo la kulungu watano atalifurahia, na litamfanya mwenyeji awe mtu aliyeleta kitu mezani. Yaliyobaki yasubiri miaka miwili mitatu. Akikua, mwambie pia kwamba tangu 1970 Wampanoag, yaani watu wa Massasoit, na wenyeji wengine hukutana Plymouth sikukuu hiyo kwa maombolezo.

*Assalaam aleikum, Mhariri. Nimesikia kwamba Waafrika wa kwanza waliletwa Virginia mwaka 1619, na wengine husema walikuwapo kabla ya hapo. Je, wenyewe waliacha maandishi yoyote? Na majina yao tunayajuaje? — Msomaji wa siku nyingi, Mombasa*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Maandishi yao wenyewe hatunayo hata mstari mmoja. Tulichonacho ni barua ya John Rolfe, mjane wa Pocahontas na mkulima wa tumbaku, aliyomwandikia Sir Edwin Sandys, mweka hazina wa Kampuni. Anasema kwamba mwishoni mwa Agosti 1619 ilifika Point Comfort, Virginia, manowari ya Kiholanzi, ambayo haikuleta kitu ila Waafrika 20 na zaidi, nao gavana na mfanyabiashara mkuu wa koloni waliwanunua kwa chakula. Idadi yenyewe hakujali kuikamilisha.

Meli hiyo, White Lion, haikuwa ya Kiholanzi. Ilikuwa ya Waingereza, yenye kibali cha Kiholanzi cha kuwinda meli za Wahispania na Wareno, na kwa kuwa Uingereza ilikuwa katika amani na Hispania, neno Kiholanzi liliwafaa wote, aliyeandika na aliyesoma. Mahali walikotoka watu wale hapakujulikana kwa hakika hadi mwaka 1997, mtafiti Engel Sluiter alipoonyesha katika hesabu za forodha za Kihispania habari za meli ya Kireno São João Bautista. Iliondoka Luanda, Angola, na watu 350, ikaporwa na maharamia wa Kiingereza, hao wa White Lion na wenzao, ikafika Veracruz, Meksiko, na 147 tu. Waliokosekana hawakuporwa wote. Wengi walikufa njiani. Ona jinsi ushahidi ulivyopatikana: karani wa ushuru aliyekuwa anahesabu kodi ya mfalme wa Hispania ametufaa kuliko barua ya mtu aliyekuwapo Virginia, maana karani hakuwa na la kuficha katika jambo lile, alitaka hesabu yake ilingane.

Wanahistoria wengi wanaona kwamba watu hao walitekwa katika vita vya Wareno dhidi ya ufalme wa Ndongo, ambako Kimbundu kilisemwa, lugha ya Kibantu iliyo binamu wa Kiswahili, ambamo mtu huitwa *mutu*. Sisi wa pwani ya mashariki hatukuwamo katika meli ile, lakini maneno mawili matatu ya watu wale tungeyatambua.

Sasa ule mtego wa kalenda. Ipo orodha ya wakazi wa Virginia yenye tarehe ya mwanzo wa Machi 1619, na ndani yake wamehesabiwa Waafrika 32, wanaume 15 na wanawake 17. Aliyeisoma tarehe hiyo kwa hesabu yetu alisema: basi Waafrika walikuwapo miezi mitano kabla ya meli ya Agosti. Lakini kwa kuwa mwaka wa Waingereza uligeuka tarehe 25 Machi, mwanzo wa Machi 1619 kwao ni mwanzo wa Machi 1620 kwetu, na orodha inakuja baada ya meli. Wataalamu wengi sasa wanaisoma hivyo. Ninyi mnaosema walikuwapo kabla mna haki kwa njia nyingine: makoloni ya Hispania katika bara lile, hata Florida, yalikuwa na Waafrika tangu karne iliyotangulia.

Ama majina, baadhi yamo katika hesabu ya nyumba kwa nyumba iliyofanywa Virginia mapema mwaka 1625, ambayo iliandika watu, bunduki, mahindi na mifugo. Katika nyumba ya kapteni William Pierce, Jamestown, yumo mwanamke Mwafrika aliyeandikwa Angelo, jina ambalo wanahistoria hulisoma Angela, na kando yake jina la meli iliyomleta, Treasurer, mwenzi wa White Lion katika uporaji ule. Kwa kapteni William Tucker wamo Antonio na Isabella, na mtoto wao William aliyebatizwa. Majina hayo ya Kikristo hayashangazi, kwa sababu katika Angola ya Wareno mateka walibatizwa kabla ya kupakiwa melini. Majina waliyopewa na mama zao hakuna karani aliyeyauliza. Katika orodha ya mwaka uliotangulia wapo wengine ambao hata jina hilo la ubatizo hawakuandikiwa, wameandikwa rangi tu.

*Mhariri, naona mashahidi wote ni wageni. Je, wenyeji wa Marekani hawakuandika lolote? — Mwanafunzi, Unguja*

Waliandika, ingawa si mapema kama tungependa. Mwaka 1663 ilichapwa Cambridge, Massachusetts, Biblia nzima katika lugha ya wenyeji wa pwani ile, nayo ndiyo Biblia ya kwanza kuchapwa katika makoloni ya Waingereza. Jina linalotajwa ni la mhubiri John Eliot, lakini kazi isingewezekana bila wenyeji waliomfundisha lugha na waliopanga herufi, mmoja wao akiwa Mnipmuc aliyejulikana kama James Printer. Wahubiri walitaka wenyeji wasome Maandiko. Wenyeji waliojua kusoma wakaanza kuandika yao: hati za mashamba, wosia, malalamiko kwa mahakama juu ya ardhi iliyomegwa. Hawakumwandikia Mungu peke yake, kama unavyoona. Lugha hiyo ilikaa zaidi ya miaka 100 bila msemaji wa kuzaliwa nayo, na tangu 1993 Wampanoag wamekuwa wakiifufua kwa kutumia Biblia hiyo na hati hizo za mababu.

Virginia haina hazina ya namna hiyo, na huko hutegemewa masimulizi ya jamii za Pamunkey na Mattaponi, ambazo bado zipo, pamoja na vitu vinavyofukuliwa. Picha nazo ni ushahidi, ila kwa tahadhari. Michoro ya John White, aliyowachora watu wa pwani ya Carolina mwaka 1585, imehifadhiwa katika British Museum, London. Ile inayoonekana zaidi vitabuni ni nakala za Theodor de Bry za 1590, aliyezichonga Ulaya bila kuwaona watu hao, akawapa miili na nyuso zinazofanana na za Wazungu.

*Kwa ufupi tu: ni kweli kisiwa cha Manhattan kilinunuliwa kwa shanga za dola 24? — Msomaji, Nairobi*

Hati ya mauzo haipo. Iliyopo ni barua ya Pieter Schaghen, iliyoandikwa Amsterdam tarehe 5 Novemba 1626 kwa baraza la serikali ya Uholanzi, na imehifadhiwa The Hague. Schaghen hakuwa Manhattan. Alikuwa akitoa taarifa ya meli iliyokuwa imewasili hivi karibuni. Anasema kisiwa kimenunuliwa kwa wenyeji kwa vitu vyenye thamani ya gilda 60, bila kutaja ni vitu gani, kwa hiyo shanga ni nyongeza ya watu, na dola 24 ni hesabu iliyofanywa karne ya kumi na tisa. Habari ya kisiwa imepewa sentensi moja. Baada yake anataja sampuli za nafaka zilizovunwa, kisha anahesabu shehena kwa makini zaidi, akianza na ngozi 7,246 za biva, mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia Ulaya.